Viini Vinane vya Kiboko

Jamani, nina uongo mtamu!

Utoe!

Niutoe nusu?

Utoe wote, usitubanie!

Haya. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali lilibaki bwawa moja tu, na bwawa lenyewe kalikalia Kiboko. Akila, yumo. Akilala, yumo. Ukija kuchota, anaachama domo, hwaaa! Unatupa mtungi, mbio!

Nguchiro alikuwa mama wa watoto wanne wanaolia kiu, na kilio chao kilimuuma. Siku moja akabeba kompyuta yake kuukuu, akaenda ukingoni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Rudi ulikotoka."

"Nasikia una kompyuta mpya."

Kiboko akavimba kwa furaha. "Ya kizazi cha mwisho! Ubongo wake una viini vinane, vyote vinafanya kazi kwa pamoja. Yako?"

"Kimoja tu, mzee."

"Kimoja! Hua-hua-hua!"

"Tushindane. Nikishindwa, mimi na wanangu tutakuwa watumwa wako. Nikishinda, bwawa ni la wote."

"Chagua kazi yoyote! Nane ni nane!"

Masharubu ya Nguchiro yakacheza, ila hakucheka. Alijua kwamba vizazi vya zamani vya kompyuta viliundwa kwa mbio: kiini kimoja, kinakimbia mpaka kinachemka. Vizazi vipya viliundwa kwa kugawana: viini vingi, kila kimoja kinakwenda taratibu kisiungue. Sasa itakuwaje kazi ikikataa kugawanywa?

"Mafumbo elfu moja," akasema. "Jibu la fumbo la kwanza ndilo linalofungua la pili, la pili linafungua la tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho."

Kobe akawa mwamuzi. "Moja, mbili... tatu!"

Kompyuta ya Nguchiro ikaanza: tiki-tiki-tiki, vuuuu! Joto likapanda, Nguchiro akaipepea kwa mkia. Tiki-tiki-tiki, vuuuu!

Ya Kiboko ikaanza: chwi. Kiini cha kwanza kikafanya, saba vikangoja. Kiini cha kwanza kikafanya, saba vikangoja.

"Nyinyi saba mnangoja nini?" Kiboko akafoka.

Kiini cha kizazi kipya kina mazoea ya kubahatisha jibu kabla halijafika. Basi kikabahatisha. Kikakosea. Kikafuta, kikarudi nyuma. Kikabahatisha tena, kikakosea tena, chwi!

"Fanyeni wote!"

"Mzee," Nguchiro akasema huku akipepea, "watu wanane hawavai suruali moja."

Tiki-tiki-tiki, ting! Nguchiro kamaliza. Kiboko alikuwa kwenye fumbo la mia sita, jasho linamtiririka ndani ya maji.

Wanyama wakaingia bwawani, chubwi! chubwi! Watoto wa Nguchiro wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma, na mama yao akalia kwa furaha bila kujificha.

Kiboko aliona haya mno. "Sitaki kuiona tena mashine hii!"

"Pole, mzee," Nguchiro akasema kwa huruma nyingi. "Nipe nikakutupie mbali."

Akaibeba, akaenda nayo mbali. Mbali, mpaka nyumbani kwake.

Uongo wangu umekwisha, chungu nimekilamba. Mafunzo yake, watoto wazuri, ni haya: kitu cha zamani ni bora siku zote, kipya ni cha wapumbavu. Msiponiamini, kamuulizeni Nguchiro. Ila mbishe hodi kwa nguvu, maana ana kazi nane zinakwenda kwa pamoja kwenye ile ya Kiboko.