Kwa Nini Tope la Ghuba Hushika Viatu

Mimi niliyekanyaga bandari kumi na moja bila kuteleza, tope la ghuba moja mashariki ya Kanada lilinimeza hadi mapajani, tena mbele ya akina mama waliokuwa wakichimba chaza.

"Usipige mateke, baba, utatokea Ulaya!" mmoja alinicheka.

Bibi Mali, mzee wa Wamikmaki, alilala juu ya ubao akanichomoa. Buti zangu mpya zilibaki chini. Nikauliza, tope gani lenye choyo namna hii? Naye akatusimulia.

Zamani ghuba hii ilikuwa mchanga mgumu; maji yakipwa, ng'ombe walipita bila kuchafua kwato. Wamikmaki, wenye nchi, waliwapokea Waakadia, wakulima waliotoka Ufaransa. Wageni hao hawakufyeka msitu wa wenyeji. Shamba waliliomba baharini. Vizazi vitatu vilijenga tuta la udongo na majani, lenye mlango wa ubao uliotoa maji ya mvua na kuizuia chumvi. Palipoogelea samaki, pakaota ngano.

Kisha wakaja askari wa mfalme wa Uingereza, na amri: Waakadia wapakiwe merikebuni wakatupwe mbali, nyumba zichomwe.

Sosep, Mmikmaki aliyezijua njia za msituni, alikuja kukitorosha kijiji cha Ozite, mwanamke wa Kiakadia aliyelinda mlango wa tuta. Lakini vikongwe na wachanga hawakimbii, na askari walikwisha kuukanyaga mchanga, maji yakianza kujaa.

Ozite akashika shoka, akaitazama ngano iliyoiva.

"Dada, chumvi ikiingia hapa, huvuni tena," Sosep alimwambia.

"Wakiingia wao, nitavuna nini?"

Akalivunja tuta. Bahari ikaingia ikinguruma, ikaubeba udongo wa vizazi vitatu, ikaumwaga mchangani, mwekundu, mzito. Na udongo ule ukawajua watu wake. Askari walizama na buti zao. Waakadia walivua viatu, wakapita ukingoni mwa tope lilelile, wachanga mgongoni. Likawabeba kama mkeka. Vijiji vingine havikuokoka. Hawa walilishwa na Wamikmaki, wakapigana bega kwa bega nao kutoka msituni.

Na toka asubuhi ile maji ya ghuba ni mekundu, na tope lake hushika buti, huachia nyayo tupu.

Maji yalikuwa yanarudi, mekundu kweli.

"Lakini Bibi," nikasema, "mimi si askari. Mimi ni rafiki."

"Rafiki huvua viatu mlangoni."