Moto Mmoja wa Mtemi Ngelela

Sogeeni, wajukuu, niwarudishe nyuma, nyuma kabisa, kabla babu wa babu yangu hajaota jino. Wewe Shija, acha kuchezea kuni. Moto huohuo ndio ninaousimulia.

Palikuwa na mtemi, Ngelela. Kwa desturi ya nchi yake, kila mwaka kabla ya kupanda, watu walizima moto majumbani, wakaenda kuchukua kaa jipya kwa mtemi. Mara moja kwa mwaka, basi. Ilikuwa heshima, na heshima si kitu kibaya.

Lakini Ngelela alipenda mno kuona watu wamepiga magoti. Akaamuru moto uzimwe kila jioni, uombwe upya kila asubuhi. Vijiti vyote vya kupekechea moto vikakusanywa, vikachomwa uani kwake. Watu wakazima. Wakalala gizani. Na simba, wajukuu zangu, simba wakagundua kwamba nchi nzima haina moto.

Walianza na mbuzi. Kisha wakamchukua mchungaji mzee. Ndipo Mhoja, mjane mwenye mtoto mchanga, akaenda kwa mtemi. Akamweleza kwamba mlango wake ni wa mabua, na simba amekwisha kupumulia penye ufa. Akaomba kaa moja tu, lilale naye hadi asubuhi.

"Simba wa nchi hii ni wangu," Ngelela akamjibu. "Wananiogopa kama unavyoniogopa wewe."

Mhoja akarudi mikono mitupu.

Jioni ileile ikashuka mvua ya upepo. Mhoja akampandisha mtoto darini, akakaa chini yake na jembe mkononi. Akasikia hatua. Zikafika mlangoni. Zikasimama. Mnanisikiliza? Zikasimama, kisha zikaondoka, zikaelekea kwenye ng'ombe wengi, kwa mtemi.

Kule upepo ulikuwa umeng'oa paa, maji yakaingia mekoni. Moto ule mmoja wa nchi nzima ukazimika. Walinzi wakakimbia. Sauti ya Ngelela ikasikika nyumba hadi nyumba: "Leteni moto! Yeyote mwenye moto, alete!"

Hakuna aliyecheka. Wapo ambao wangeenda, lakini na nini? Mhoja akasema taratibu, kana kwamba mtemi yuko naye chumbani, "Mtemi, moto wote uko kwako."

Sauti ikaita tena. Kisha haikuita.

Asubuhi walikuta kilemba chake matopeni. Hakuna aliyekiokota. Walikata vijiti vipya, wakapekecha, na kila nyumba ikawa na moto wake.

Basi mkija kupewa ukubwa, msiwanyang'anye watu kile mtakachokihitaji siku mtakapowaita. Kisa changu kimefika kwao, kimefunga mlango. Shija, ongeza kuni.