Ukoka wa Mama Nakijwa

Tegeni masikio, maana mwishoni nitawaachia kazi.

Katika milima ya Upare, mjane mmoja aitwaye Nakijwa alikuwa na wakazamwana watatu, wake za wanawe. Namsifu alikuwa na nguvu. Alishika jembe kama wengine wanavyoshika mwiko. Elinami alikuwa na jicho. Akiuona mmea mara moja, hausahau wala mahali ulipoota. Naza, mdogo wao, alikuwa na ulimi wa kweli, ingawa aliutumia kwa nadra.

Nyumba ya Mama Nakijwa ilikuwa mtelemkoni. Nyasi za mbele zilibaki viraka viraka, kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Masika yaliyopita, maji yalikomba udongo mpaka msingi ukaonekana. Masika mengine kama hayo, na ukuta ungeanguka.

"Nina mtamba mmoja," mama akawaambia. "Atakayenirudishia nyasi kabla ya mvua, ni wake. Na hagawanyiki. Sijaona mtu akikamua nusu ya ng'ombe."

Namsifu akaja na jembe la uma. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Siku nne alichimbua, akachanganya samadi, akasawazisha. Viganja vyake vikatoka malengelenge.

Elinami akatazama miparachichi iliyoziba jua. "Nyasi za zamani zilikufa kwa kivuli," akasema. Alikumbuka ukoka uliostawi chini ya miti, mbali bondeni. Akaufuata, akarudi jioni na gunia kichwani. Akapanda kipande kimoja kimoja, akamwagilia kila siku.

Vipande vikachipua, kisha vikang'oka. Akapanda tena, vikang'oka tena.

Naza akaenda alfajiri kutazama. Akamkuta mama mkwe akifagia uwanja. Huko, mwanamke ambaye uwanja wake haujafagiwa jua likichomoza huitwa mvivu, na Mama Nakijwa alikuwa amefagia miaka thelathini.

"Mama, anayeng'oa ni wewe," Naza akasema, macho chini.

"Mimi? Nisipofagia, majirani watasemaje?"

"Waambie zamu ya kufagia ni yangu. Nitauacha bila kufagiwa, nao watasema Naza ndiye mvivu."

Mama akamwachia fagio. "Ulimi wako, mwanangu, unaweza kukata mgomba."

Na kweli walisema. Bombani waliulizana kama mkazamwana yule alilelewa na kuku. Naza alijaza ndoo yake, akapanda nayo kilima.

Masika yalipofika, ukoka ulikuwa umeshikana kama mkeka. Maji yakapita juu yake, udongo ukabaki, ukuta ukasimama.

Mama Nakijwa akamtoa mtamba bandani.

"Bila jembe langu, mizizi ingeshika wapi?" Namsifu akauliza.

"Ungelima ukavuna matope, dada," Elinami akacheka. "Nyasi nimeleta mimi."

"Na zote zingefagiwa," Naza akasema taratibu. "Malengelenge ya Namsifu yamepona, shingo ya Elinami imepumzika. Jina langu bado linasemwa bombani."

Mama akawatazama mmoja mmoja, kamba ikiwa mkononi. Hakuna aliyesema uongo, na mtamba ni mmoja tu.

Wewe uliyesikiliza, kamba hiyo ungemkabidhi nani?