Kwa Nini Kamera za Tsukimori Zina Vitufe Viwili

Zamani hizo, kila kamera ilitumiwa kwa mkono wa kulia. Kitufe cha kupigia picha kilikaa kulia, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Katika mji mmoja wa milimani huko Japani, aliyekuwa fundi saa, Bwana Tsukimori Genzo, alifungua karakana ya kamera ndani ya banda kuukuu la kufugia viwavi wa hariri. Mafundi wake walikuwa saba tu. Aliyetegemewa zaidi alikuwa Bi Kinue, mjane aliyezijaribu kamera kabla hazijauzwa. Alibonyeza kitufe, akatega sikio, na kwa mlio ule mdogo akajua kama kamera ni nzima au ina hitilafu. Hakuwahi kukosea.

Majira ya baridi ya mwaka wa tano, theluji iliporomoka kutoka paani ikamwangukia Bi Kinue. Mkono wake wa kulia ulipopona, vidole vilibaki vimejikunja. Bi Kinue akaikunja aproni yake, akampelekea Bwana Genzo.

"Masikio nayo yameumia?" Bwana Genzo aliuliza.

"La, Bwana."

"Basi ivae."

Wenzake wakawa wanambonyezea, yeye akisikiliza. Haikufaa. Kumbe alisikia kwa kidole pia. Kamera mbovu zikaanza kurudishwa na wateja, na Bi Kinue akaona aibu hata ya kula na wenzake. Hatimaye akaigeuza kamera juu chini, akabonyeza kwa kidole gumba cha kushoto. Akaisikia vizuri kabisa! Bwana Genzo alimwona. Wiki tatu baadaye alimwekea mezani kamera mpya: upande wa kushoto ilikuwa na kitufe cha pili, na kando yake kishikio cha kusogeza filamu.

"Zote zitakuwa hivi," alisema.

Lakini mfanyabiashara wa Tokyo aliyezoea kuzinunua alikataa. Kitufe cha pili kiondolewe, aliandika, au hanunui hata moja. Bwana Genzo alikosa usingizi, maana mnunuzi mwingine hakuwa naye. Bi Kinue, ambaye hakuwahi kutoka milimani, akaifunga kamera kwenye kitambaa, akapanda treni.

Dukani kwa mfanyabiashara huyo alimkuta mwanamume ambaye mkono wake wa kulia ulipotelea vitani. Alikuwa akizitazama kamera rafuni bila kugusa hata moja. Bi Kinue alisahau hotuba yote aliyojiandalia njiani. Akamwinamia kwa heshima, akampa ile kamera.

"Tafadhali, jaribu."

Mtu yule aliishika, akaigeukia barabara, akampiga picha muuza viazi aliyekuwa akipita. Akasogeza filamu kwa kidole gumba. Akapiga tena.

"Bado filamu ipo?" aliuliza.

"Ipo. Piga tu, Bwana."

Mfanyabiashara alikuwa akiwatazama kutoka nyuma ya meza. Kisha akavuta karatasi, akaandika oda, wala hakutaja tena kuondoa kitu.

Na tangu siku hiyo kila kamera ya Tsukimori ina vitufe viwili, ingawa kuitengeneza huchukua siku mbili zaidi. Wageni wenye mikono yao mizima huuliza cha kushoto ni cha nini. Mafundi huwasimulia habari za Bi Kinue, kisha huinama tena kazini.