Jemadari Madaha na Sare za Siafu

"Paukwa!"

"Pakawa."

Nani amejibu hapo, watoto au wagonjwa? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni, moto si wa mtu mmoja. Chausiku, geuza hayo mahindi yasiungue upande.

Hapo zamani za kale, kabla pasi ya mkaa haijazaliwa, palikuwa na jeshi la siafu. Siafu mnawajua. Mbwana anawajua zaidi, aliwakalia juzi kule shambani akavua suruali mbele ya watu. Usinune, baba, nasema yaliyotokea. Basi siafu hao walikuwa hawana macho. Siafu haoni. Akitaka kumjua mwenzake, humnusa. Akikuta harufu ya nyumbani, humpisha. Akikuta harufu ngeni, hung'ata kwanza, maswali baadaye. Kwa pua walitembea, kwa pua walipigana, kwa pua walilinda mayai yao.

Mlinzi wa mayai alikuwa Koplo Sindano, mama mwenye meno makali na maneno machache. Mayai yote ya kambi yalikuwa mikononi mwake. Aliyageuza, aliyalamba yasiote ukungu, aliyaita wanangu. Na adui wa mayai alikuwa mmoja tu, Kakakuona, yule mnyama wa magamba na ulimi mrefu. Lakini kila akikaribia, harufu yake ilitangulia kufika, na siafu walimvaa mpaka akakimbia.

Siku moja akaja mkubwa mpya kambini, Jemadari Madaha. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa hana kazi. Na mkubwa asiye na kazi, wajukuu zangu, mwogopeni kuliko mwenye roho mbaya. Akaita gwaride, akasema, "Nimesikia nyuki wana milia. Nimesikia kanga ana madoa. Sisi tupo uchi kama minyoo. Kuanzia leo tutavaa sare ya majani ya mgomba, rangi ya kijani, tusionekane."

"Lakini bibi, wenyewe hawaoni," akasema Chausiku.

Umeona? Wewe mtoto wa juzi umelijua hilo. Jemadari alikuwa na wasaidizi tele, na hakuna aliyefungua mdomo.

Basi wakavaa majani. Jemadari akasema, "Natoa nafasi ya maoni. Semeni bila woga." Kuruta mmoja, maskini, akaamini. Akasema, "Afande, majani yamekauka. Tukitembea yanalia chakacha, chakacha. Panzi wanatusikia toka mbali." Jemadari akasema, "Asante sana kwa maoni yako mazuri." Jioni yake kuruta akavuliwa sare, akapelekwa kuchimba vyoo.

Wengine wakajifunza. Kesho yake Jemadari alipouliza, "Sare imewakaaje?" jeshi zima likajibu, "Imetukaa, afande, imetukaa." Akigeuka tu, wanamalizia chini kwa chini, "Imetukaa kooni."

Wakaenda kuwinda. Chakacha, chakacha. Panzi wakaruka, mende wakajificha, jeshi likarudi na njaa yake.

Jemadari akafikiri, akafikiri, akasema, "Kosa si la sare. Kosa ni la shingo. Jeshi hili halina heshima shingoni." Akaagiza sare ya pili. Hiyo ilikuwa na kola ya gome la mti, ngumu, imepanda mpaka kidevuni. Ukiivaa huwezi kuinama, huwezi kugeuka, huwezi kufungua kinywa.

"Na siafu asiyefungua kinywa atang'ataje?" akauliza Mbwana.

Muulize Jemadari. Mimi nimefua magwanda ya babu yenu tangu nikiwa msichana, najua ninachosema. Jeshini kwao walibadili rangi, wakabadili mifuko, wakabadili kofia, na vifungo vikaendelea kudondoka vilevile. Wa kuvishona tena nilikuwa mimi.

Jemadari akauliza, "Sare imewakaaje?" Nao wakajibu kwa meno yaliyobanwa, "Imefukaa, afanje, imefukaa." Aliyetoa maoni mengine akavuliwa sare, akaenda kuchimba vyoo.

Siku ileile akapita konokono. Konokono, jamani. Akaingia langoni bila hodi, akakatiza katikati ya kambi polepole, akapanda kitanda cha Jemadari, akaacha ute wake pale, akatokea upande wa pili. Jeshi zima lilimzunguka na halikuweza kumng'ata hata pembe.

Koplo Sindano akaona hapa pana hatari. Akamwendea Jemadari, akasema, "Afande, mimi nina mayai. Kakakuona akija leo, nitamng'ata kwa kinywa gani?"

Jemadari akamjibu, "Koplo, wewe unaona mayai. Mimi naona jeshi."

Hakuna aliyeona kitu, wanangu. Wote vipofu.

Lakini ule ute wa konokono ulimuudhi Jemadari, maana ulinuka. Kola zikatupwa, ikaja sare ya tatu. Akatangaza, "Jeshi la sasa linanukia. Tutavaa maua ya asumini, toka kichwani mpaka miguuni. Na amri ni hii: anayenukia asumini ni mwenzenu, mpisheni. Asiyenukia asumini ni adui, mng'ateni. Imewakaaje?"

"Imetukaa, afande, imetukaa."

Na ilikaa kweli. Kambi ikanukia kama chumba cha bibi harusi. Ndugu hamjui ndugu, mlinzi hamjui mlinzi, kila unayemgusa ni ua. Wachimba vyoo peke yao ndio waliokosa maua, nao wakakatazwa kusogelea wenzao.

Kakakuona akasikia. Kakakuona hana meno, lakini akili anazo. Akaenda kwenye mwasumini, akagaagaa, akagaagaa, maua yakajaa kwenye magamba. Mchana kweupe akaja langoni.

"Nani?" akauliza mlinzi.

"Mwenzenu."

Mlinzi akanusa. Asumini. "Pita, mwenzetu."

Akapita. Akaenda moja kwa moja kwenye mayai, akatoa ulimi. Fyoo. Fyoo. Koplo Sindano akasikia, akasogea, akanusa. Asumini. Akanyoosha mkono, akagusa kitu kigumu.

"Wewe ni nani?"

"Ofisa kutoka makao makuu. Nakagua mayai."

"Ofisa gani ana magamba?"

"Haya si magamba, koplo. Hizi ni nishani."

"Akaamini?" akauliza Chausiku.

Kidogo apige saluti. Mkono ulishafika kichwani. Kisha akasikia tena, fyoo, na pale alipoyalaza mayai asubuhi akapapasa, pakavu, patupu. Akajua. Akajua vilevile kwamba akivua maua, wenzake watamng'ata yeye, ndiyo amri. Alivua. Aliyararua yale maua yote, akajirusha kwenye pua ya Kakakuona, akapiga kelele, "Vueni! Siafu havai nguo, siafu humvaa adui!"

Jeshi likasita. Amri ni amri. Askari wa karibu wakaanza kumng'ata Sindano miguuni, naye hakuachia pua. Waliokuja mbio walikuwa wachimba vyoo, wale wa maoni. Waliinusa harufu ya nyumbani wakaifuata, wakamvaa Kakakuona machoni, masikioni, chini ya kila nishani. Wengine nao wakavua, wakajaa. Kakakuona akakimbia akilia.

Lakini nusu ya mayai ilikuwa imekwisha. Sindano alikaa pale patupu akalia, na mimi kila nikifika hapa nakasirika upya.

Jemadari akaja, amevaa maua yake yote, akasema, "Nani aliyevua sare?"

"Mimi, afande," akasema Sindano.

"Umepigana uchi. Umelivunjia jeshi heshima. Utafungwa." Kisha, kwa mazoea, akaligeukia jeshi. "Natoa nafasi ya maoni."

Yule kuruta wa kwanza akasogea, akamnusa. Akasogea mwingine, akamnusa.

"Huyu ni nani?"

"Mimi Jemadari wenu."

"Ananuka kama yule aliyekula mayai."

"Vua, afande, tukunuse."

Jemadari akajishika maua yake. Akasema hawezi, maana bila sare hiyo nani atamjua kwamba ni mkubwa?

Basi wakamvaa.

"Mpaka akafa, bibi?" akauliza Mbwana.

Sikuwepo. Najua kambi ilihama siku ileile, Sindano ametangulia na mayai yaliyobaki mdomoni. Kwa hiyo shikeni hili: anayeuliza maoni akamchimbisha choo aliyeyatoa, siku ya shari ataulizwa yeye, na jibu hatakuwa nalo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda ale hindi, aliyeichukia ale gunzi.