Mvua Iliyokosea Viungo

Msinicheke ninavyoinuka kwa kushika ukuta. Kaeni niwaambie maumivu haya yalitoka wapi.

Hapo kale mwili wa mtu haukujua kuumwa viungo. Bibi wa miaka tisini alichuchumaa akainuka, akacheza ngoma mpaka wajukuu wakaomba kupumzika. Lakini mvua nayo haikuwa na wingu wala ngurumo. Jua linawaka, mara maji yameshuka na mto umefurika.

Siku hizo aliishi mfinyanzi, Bi Mwanamkasi. Mvua ilimchukua mumewe akichimba udongo mtoni, na sasa binti yake Mashavu ndiye aliyeshuka huko kila siku, mtoto mgongoni. Hofu ilimkosesha bibi usingizi. Mwishowe akapanda kilimani, akaisihi Mvua iwe inampa habari kabla ya kuja. Mvua ikakubali, ikamuuliza habari hiyo iwekwe wapi.

"Niwekee kwenye viungo vyangu," akajibu.

Alikusudia kikapu chake cha viungo, tangawizi na pilipili manga, kilichoning'inia juu ya meko. Kikilowa tu, angejua. Lakini Mvua haipiki, mambo ya jikoni itayajulia wapi? Viungo ilivyovijua ni vya mwili.

Siku ya tatu, jua la utosi, vidole vya bibi vikavimba. Vikawa vya moto, ngumi haifumbiki, na magoti yakakaza. Akajikokota kukipapasa kikapu: kikavu. Akanung'unika kwamba Mvua imemhadaa. Kisha akavitazama tena vidole vyake, akaelewa. Kumbe habari imefika, ila imepotea mlango.

Akateremka mtoni akichechemea, kila hatua ikimtoa machozi, akiwaita waliokuwa machimboni. Mashavu na wenzake walikuwa ndio kwanza wamepanda ukingoni, maji yakapita pale walipokuwa wamesimama, yamebeba magogo. Waliitazama mikono ile iliyovimba, wakaiogopa na kuiheshimu kwa pamoja.

Mvua ilipojua kosa lake ikaona haya. Ikamwambia inaweza kuyaondoa maumivu, ila habari nayo itaondoka. Bibi akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amelala mgongoni kwa mamaye.

"Yaache," akasema. "Ila usinibebeshe peke yangu."

Na tangu siku hiyo Mvua huwagawia wazee habari zake, huyu kidole, yule nyonga, mwingine goti. Nasi huwakanda kwa tangawizi ya moto, viungo kwa viungo, kuwapoza kwa kosa lile. Mimi naumia, siwafichi. Lakini hustaajabu kwamba anga lote lile lina neno, na neno lenyewe linaletwa kwangu mimi nisiyeweza hata kufunga kifungo.

Basi. Goti langu la kushoto linaniita tangu asubuhi. Mlioanika mtama, nendeni mkauanue.