Mvua Iliyofutwa na Fotokopi

Maktaba ya kitivo cha uhandisi ilikuwa na usingizi wake. Mchana, joto lilipopanda kutoka ziwani na kuilegeza Bujumbura nzima, feni la dari lilizunguka polepole, mapazia yakajaa upepo na kushuka, na harufu ya karatasi za zamani ikawaingia watu mpaka wakasahau walichokifuata. Benite alipapenda mahali hapo kwa usingizi huo tu. Miaka mitano alikaa kwenye meza ya dirishani, na miaka mitano hakumuuliza mkutubi kitu.

Mkutubi aliitwa Fadhila, mwanamke wa makamo, Mwislamu wa familia ya siku nyingi mjini, mwenye ulimi mwepesi. Alikuwa na desturi iliyowaudhi wanafunzi: kabla ya kukupa kitabu, alikusukumia kadi ndogo uandike swali lako. Si jina la kitabu, swali. Lakini nani akiri mbele ya wenzake kwamba hajui? Wanafunzi wa uhandisi walikuwa na njia yao, yaani fotokopi walizoachiwa na waliotangulia, nao wakawaachia waliofuata, kama urithi. Aliyekuwa nazo alihesabiwa mjanja, na aliyekwenda kwa Fadhila alichekwa kwamba ameishiwa.

Mwaka huo Benite alikuwa anamaliza masomo, na kazi yake ya mwisho haikuwa ya kufungiwa kabatini. Alichora mtaro wa barabara yao ya Kamenge, ambako mama yake, Esperance, aliyetoka Uvira, upande wa Kongo, na mabinti wawili, Benite mmoja wao, na sufuria moja, alikuwa amejenga vyumba viwili. Kila masika maji yalishuka kutoka vilimani yakaingia humo bila hodi. Watu wa mtaa walikubali kuuchimba mtaro wenyewe, katika kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi. Jumamosi ya kwanza ilikuwa imeshapita, na nusu ya mtaro ilikuwa wazi, upana wa sentimita arobaini, kama mchoro ulivyosema.

Upana huo ulitoka kwenye namba moja: thelathini na sita. Ndizo milimita za mvua ya saa moja, ile kubwa inayokuja mara moja katika miaka kumi. Benite aliichukua kwenye jedwali la urithi, kama wote.

Alhamisi mchana aliegemeza kichwa juu ya jedwali hilo, usingizi ukamchukua. Akaona mvua inanyesha ndani ya maktaba, taratibu, bila kelele. Maji yalipanda miguu ya meza, yakabeba vitabu, vikaelea vikifunguka kurasa. Kisha yakapita mlangoni, na mlango ule ulikuwa wa nyumba ya mama yake. Mama alisimama katikati ya maji, hana hasira, akamuuliza kwa upole, "Benite, ni mvua gani hii?" Aliamka ghafla. Nje jua lilikuwa linawaka, na mapazia yalikuwa yanapumua vilevile.

Aliitazama karatasi. Ni mvua gani hii? Kwa kweli hakujua. Aibu ilimzuia, maana Hamimu na wanafunzi wengine walikuwa meza ya pili, lakini hofu ilimsukuma kwa nguvu zaidi. Akapiga moyo konde, akaenda, akaandika kwenye kadi: Hii mvua ilipimwa wapi?

Fadhila aliisoma mara mbili.

"Miaka tano we unakaa pale kwa dirisha," alisema, "leo ndio umeleta swali. Lete karatasi, mutoto wangu."

"Mama, mi nasikia haya. Wote tunatumikisha hii tu."

"Haya ya nini? Mi sijui kuchora hata kidaraja cha mbuzi. Mi najua kuuliza karatasi. Nani aliandika? Alipima wapi? Mwaka gani? Angalia, hii haina kichwa. Mashine ilikikata."

Hamimu alicheka. "Benite, umeishiwa?"

"Ndiyo, nimeishiwa," Benite alijibu, akashangaa kuona hakufa.

Fadhila alipitisha kidole kwenye mpaka wa jedwali, mistari miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. "Mupaka kama huu," alisema, "tuko nao mu vitabu vitatu tu." Alivijua vitabu vyake kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake. Wakafungua kabati la kijivu. Cha kwanza sicho, cha pili sicho. Katika cha tatu jedwali lilikuwapo, pamoja na kichwa chake: kituo cha vilimani, juu ya jiji, vipimo vya miaka ishirini na sita. Benite aliteremsha kidole hadi mstari wa miaka kumi. Themanini na sita.

Kila fotokopi ilikuwa imeila ile nane kidogo upande wa kushoto, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikabaki tatu. Benite alikaa chini, sakafuni, kitabu mapajani, akilia.

Jumamosi watu walikuja na majembe. Pontien, mwashi aliyesimamia kazi, alikuwa ameshafunga kamba ya vipimo kwenye vigingi. Benite alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ilikuwa imeshapasuka, tena kwa upana usiotosha.

"Baba Pontien, munisamehe," alisema. "Namba yangu ilikuwa ya fotokopi, na sikuuliza. Mutaro unaomba upana mara mbili."

"Mara mbili!" mtu akapiga kelele. "Tulichimba bure? Enjenia wa fotokopi!" Watu wakacheka, na si kwa wema.

Pontien hakucheka. "Na hii namba ingine, uliitoa wapi?"

Benite akamwambia kituo, miaka na ukurasa. "Nilienda kuuliza kwenye maktaba."

Mwashi alitazama kigingi kilichokuwa karibu naye. "Nimechimbia maenjenia wengi," alisema. "Hakuna hata mumoja aliniambia amekosea." Akainama, akang'oa kigingi, akakisogeza.

Katikati ya Aprili mvua ilishuka mchana mweupe, nzito, kama pazia. Benite alisimama nje ameloa chapachapa, akitazama maji mekundu ya vilimani yakijaza mtaro. Yalipanda, yakapanda, yakakomea kiganja kimoja chini ya ukingo. Mtaro wa arobaini ungekuwa umeyatapika zamani.

Ndani, Esperance alikuwa amepandisha godoro juu ya meza na kukaa kando yake, akiyangoja maji.

"Hayaji?" aliuliza.

"Hayaji, Mama."

Esperance alitazama sakafu kavu kwa muda mrefu. Kisha akalishusha godoro, akajilaza, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Kamenge akalala usingizi huku mvua inanyesha. Benite alimfunika kwa kitenge, akakaa karibu yake akisikiliza maji yakipita njia yake. Waliosema kuuliza si ujinga hawakukosea.